Vibali vya ujenzi Kampala: huduma imara ndani ya ploti, dhaifu ukingoni mwa barabara

Anayelipia kibali cha ujenzi jijini Kampala ananunua kitu kimoja: macho ya watu wengine juu ya ramani yake kabla zege halijamwagwa. Kwa hiyo huduma hii tunaipima kwa swali hilo hilo. Je, macho hayo yanaliona kosa ambalo mwenye nyumba, msanifu na fundi hawakuliona?

Ndani ya ploti, ndiyo, tena vizuri kuliko wengi wanavyoisema. Ukingoni mwa ploti, pale nyumba inapokutana na mtaro, bomba la maji taka, laini ya umeme na lami, bado. Na kwa kuwa maji yanayoingia majumbani Bwaise, mtaa wa bondeni, na barabara zinazotitia kila msimu wa mvua huanzia ukingoni humo, huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Nani anasaini nini

Anza kwa kujua uko katika mamlaka gani. KCCA, mamlaka ya jiji iliyozaliwa na Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ya mwaka 2010, ina divisheni tano tu: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Kira, Nansana, Makindye-Ssabagabo na Entebbe ni manispaa za Wilaya ya Wakiso, na zina kamati zao. Mtu wa Namugongo au Bunamwaya hujiita wa Kampala na barua zake humfikia kwa anwani ya Kampala, lakini jalada lake si la City Hall, makao ya KCCA. Waliokuja kujenga kutoka Nairobi, Bukavu au Mwanza ndio hasa hukosea hapa, kwa sababu kwa macho mji hauonyeshi mahali unapoishia.

Kuna sheria mbili, na kila moja ina swali lake. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010 imeifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, mji na kijiji. Inauliza: matumizi haya yanaruhusiwa hapa? Jibu lake ni kibali cha uendelezaji, kinachotolewa na kamati ya mipangomiji. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, pamoja na kanuni zake za mwaka 2020, inauliza: jengo lenyewe litasimama, litapitisha hewa, watu watatoka moto ukizuka? Jibu lake ni kibali cha ujenzi, kinachotolewa na kamati ya majengo. Juu ya kamati hizi ipo Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo, NBRB, ambayo ina mfumo wa mtandaoni uitwao BIMS. Kabla hujapakia hata karatasi moja, uliza ofisi ya eneo lako inapokea majalada kupitia mfumo gani. Jalada lililopakiwa kusikohusika halimsubirishi afisa. Linakusubirisha wewe.

Wengi huagiza michoro kamili ya nguzo na nondo kabla swali la kwanza halijajibiwa. Wakiambiwa eneo lao ni la makazi ya nyumba fupi na ghorofa nne hazikubaliki, gharama ya mhandisi imeshaliwa. Mchoro wa awali wa msanifu, wenye ukubwa, matumizi na idadi ya sakafu, unatosha kuuliza. Hatua ya kwanza ifanywe kwa karatasi za bei nafuu.

Hati, desimali na mita 300

Ploti ya kawaida inayouzwa Kampala na Wakiso ni ile ya hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100. Kwa mita ni 15.24 kwa 30.48, sawa na mita za mraba 464, au desimali (sehemu za mia za ekari) 11 na nusu. Ukiacha mita 5 mbele, mita 3 nyuma na mita 1.5 kila ubavu, unabaki na mstatili wa takriban mita 12.2 kwa 22.5 wa kujengea. Ramani nyingi zilizonunuliwa kwenye simu au zilizotolewa kwa jirani hazienei katika mstatili huo, na mchoraji huzienesha kwa kubana upande. Mkaguzi huliona hilo kwa rula tu.

Kosa zito zaidi halionekani kwa rula. Ramani za ardhi za Uganda zimekaa juu ya mfumo wa vipimo wa Arc 1960. Simu na GPS ya mkononi hutoa namba za WGS 84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili hapa kwetu ni karibu mita 300, nyingi zikiwa za kaskazini na kusini. Mchoro wa ploti uliochanganya namba za mifumo yote miwili unaweza kuiweka nyumba yako juu ya kanisa, barabara au bwawa. Mpima ardhi aliyesajiliwa aandike jina la mfumo kwenye pembe ya mchoro, na namba zote zitoke kwake. Asizichukue msanifu kwenye ramani za mtandaoni.

Kuhusu umiliki, jalada lisilokwama ni lenye nakala ya hati, ripoti mpya ya upekuzi kutoka ofisi ya ardhi ya kanda, na mchoro wa mipaka unaolingana na mawe yaliyoko chini. Mwenye kibanja, yaani mkaaji asiye na hati, juu ya ardhi ya mailo, ambayo ina mwenye hati wake, ana haki ya kukaa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, ila jengo la kudumu linahitaji ridhaa ya mwenye mailo kwa maandishi. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, inasaidia kuthibitisha unakoishi. Haichukui nafasi ya ridhaa hiyo. Tunalisema wazi kwa sababu kuna madalali wanaoiuza barua ya LC1 kana kwamba ni hati.

Ndani ya ploti: hapa huduma inastahili sifa

Mapitio ya michoro ya jengo lenyewe ndiyo sehemu yenye nguvu. Jalada hupita kwa watu wa usanifu, uhandisi, afya na zimamoto, na hoja zinazorudi mara nyingi ni za haki. Hoja iliyoandikwa vizuri hukutajia karatasi, chumba na kipimo. Ukipokea isiyotaja mojawapo, omba ifafanuliwe kwa maandishi kabla ya kuchora upya, maana kuijibu kwa kubahatisha huzaa hoja ya pili.

Kosa la kwanza linalorudisha majalada ni michoro ya msanifu na ya mhandisi kutokubaliana. Msanifu amesogeza ukuta sentimita 40 ili chumba kipumue, mhandisi bado ana nguzo ya zamani, na sasa nguzo imesimama katikati ya mlango. Dawa yake ni rahisi: majina ya mistari ya nguzo, A, B, C upande mmoja na 1, 2, 3 upande wa pili, yawe yale yale kwenye karatasi zote, na vipimo kati ya mistari viandikwe pande zote mbili. Kisha weka karatasi moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha au kwenye kompyuta, uone kama zinalala pamoja. Kazi ya nusu saa.

La pili ni matumizi yaliyofichwa. Mtu anaandika nyumba ya kuishi huku sakafu ya chini ina milango mipana ya maduka. Anadhani anaokoa ada. Sakafu ya makazi hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilonyutoni 1.5 hadi 2 kwa mita ya mraba. Ya duka ni 4 na zaidi. Ghala la saruji au sukari huzidi hapo mbali sana. Ukisema uongo kwenye fomu, mhandisi anapiga hesabu ya jengo lisilokuwepo, na slabu hubeba mara mbili ya alichokusudia. Mkaguzi anayeng'ang'ania swali hili anaokoa maisha ya wapangaji wako, hata kama anakuudhi.

Tangi la maji juu ya paa nalo husahaulika. Lita 10,000 ni tani 10, zikikaa juu ya eneo dogo. Lazima lionekane kwenye mchoro, kwenye hesabu, na nguzo za chini yake ziteremke mfululizo hadi kwenye msingi.

Kampala ni mji wa vilima na mabonde. Juu kuna murramu ngumu, chini kuna udongo mweusi wa kinamasi, na ploti moja yenye mteremko inaweza kuwa na vyote viwili. Kwa jengo la ghorofa, ripoti ya udongo iwe ya ploti hiyo hiyo. Ripoti iliyonakiliwa kutoka jengo jirani hugundulika upesi, kwa sababu vimo vya mashimo ya majaribio, yaani jinsi ardhi ilivyo juu au chini, havilingani na vimo vya ploti. Ukikata kilima, mchoro wa ukuta wa kuzuia udongo uje pamoja na ramani, ukiwa na mifereji ya kutoa maji nyuma yake na utaratibu wa kuchimba kwa vipande. Kwenye viwanja vya ujenzi, ukingo wa udongo uliokatwa wima unaweza kuwaangukia vibarua na kuwaua, hasa baada ya mvua. Kwa maoni yetu, mapitio yangekuwa makali zaidi kwenye utaratibu wa kuchimba. Karatasi huonyesha ukuta uliokamilika, lakini mtu hufa kabla ukuta haujajengwa.

Msanifu na mhandisi wathibitishwe kwenye rejista za bodi zao, ARB kwa wasanifu na ERB kwa wahandisi. Muhuri peke yake hautoshi. Leseni ya kufanya kazi huhuishwa kila mwaka. Namba ya usajili, saini na tarehe viwe kwenye kila karatasi, siyo kwenye jalada la mbele tu.

Ukingoni mwa ploti

Sasa tufike kwenye mtaro. Chukua ploti ile ya mita za mraba 464 ilipokuwa na majani. Kwenye mvua kali ya milimita 100 kwa saa, takriban asilimia 30 ya maji hutiririka nje, kama lita 4 kwa sekunde. Ijenge, uitandaze matofali ya sakafu hadi kwenye geti, asilimia hiyo inakuwa 90, na maji yanayotoka ni karibu lita 12 kwa sekunde. Nyumba moja haiui mtaro. Nyumba hamsini kwenye mteremko mmoja wa Makerere au Muyenga, kila moja ikizidisha maji yake mara tatu, ndizo zinazoijaza mitaro mikuu ya Lubigi na Nakivubo kabla mvua haijakatika.

Karatasi nyingi za jalada huonyesha mshale mdogo wenye maneno "maji ya mvua kwenda mtaroni" na basi. Mshale hauna kipenyo wala kimo. Tunachoamini kinapaswa kudaiwa kwa kila jalada ni vimo vitano kwenye mchoro wa ploti: katikati ya barabara, sakafu ya mtaro, kizingiti cha geti, sakafu ya nyumba, na sakafu ya bomba ndani ya chemba ya maji taka iliyo karibu. Vimo vitano vilivyopimwa siku moja, kutoka alama moja. Mpima ardhi aliyekwisha kuja kwa ajili ya mipaka anavipata kwa muda mfupi. Bila hivyo mkaguzi hawezi kujua kama maji yataondoka au yatarudi sebuleni, hata akiwa hodari namna gani.

Kalvati ya geti ndiyo mkosaji mkubwa wa jiji hili. Mtaro wa pembeni mwa barabara wenye upana wa milimita 600 na kina cha 600, ukiwa na mteremko wa 1 kwa 100, hupitisha karibu lita 800 kwa sekunde ukijaa. Mwenye nyumba anaweka chini ya geti bomba la zege la milimita 300 kwa sababu ndilo lililokuwa bei rahisi siku hiyo. Bomba hilo, kwa mteremko huo huo, hupitisha takriban lita 97. Mtaro umenyongwa hadi sehemu moja ya nane ya uwezo wake, na chupa ya plastiki na mfuko wa kaveera vinamalizia kazi. Maji hupanda juu ya lami, huichimba pembeni, na lami huanza kumeguka kutoka ukingoni. Hata bomba la milimita 600 linafikia robo tatu tu ya mtaro ule. Jibu sahihi ni slabu ya zege juu ya mtaro wenye upana uleule, yenye vifuniko vinavyonyanyuliwa ili mtaro usafishike, na sakafu yake isipande hata sentimita moja juu ya sakafu ya mtaro wa jirani wa juu na wa chini. Mchoro wa geti, uliokatwa wima kwa skeli ya 1 kwa 20, ungemaliza ubishi huu wote. Gharama yake ni karatasi moja.

Tangi la kuvuna mvua tunalipenda, ila lisiuzwe kama dawa ya mafuriko. Paa la mita za mraba 200 kwenye mvua ile ya milimita 100, kwa asilimia 90 ile ile, hutoa lita 18,000 kwa saa, kwa hiyo tangi la lita 10,000 hujaa ndani ya dakika 33, endapo lilikuwa tupu. Baada ya hapo maji yote yanaenda mtaroni kama kawaida. Likiwa limejaa tangu jana, halisaidii mtaro hata dakika moja. Ukitaka likusaidie, acha sehemu ya juu iwe na tundu dogo linalojimwaga polepole, na mkaguzi aione kwenye mchoro.

Maji taka yana hadithi yake. Mtandao wa mabomba ya NWSC, shirika la taifa la maji na maji taka, unahudumia sehemu ndogo ya jiji, hasa katikati na maeneo ya karibu, ukipeleka maji kwenye mitambo kama ule wa Bugolobi, uliojengwa kupokea mita za ujazo 45,000 kwa siku. Kama chemba ipo mtaani kwako, kinachoamua ni kimo. Bomba la milimita 100 lenye mteremko wa 1 kwa 60 hushuka sentimita 42 kila mita 25. Choo cha chini kabisa kisipokuwa juu ya sakafu ya bomba ndani ya chemba kwa angalau mshuko huo, utahitaji pampu, na pampu inahitaji umeme wa akiba. Waliochimba sakafu ya chini ya ardhi kwa ajili ya maegesho, kisha wakaongeza choo cha mlinzi huko chini, hujifunza hili mvua ya kwanza.

Kwingine kote ni tangi la septiki na shimo la kunyonya. Kanuni ya kawaida ya ukubwa ni lita 180 kwa kila mtu, kisha uongeze 2,000. Familia ya watu kumi inahitaji lita 3,800. Vyumba vya kupanga vyenye watu 24 vinahitaji 6,320. Mara nyingi jalada la vyumba vya kupanga huja na tangi la familia moja, lililonakiliwa kutoka kazi nyingine. Shimo la kunyonya nalo lithibitishwe kwa jaribio: chimba shimo la milimita 300 kwa 300, na kina chake kipite milimita 300 chini ya kimo ambako bomba litaishia. Lijaze maji hadi kimo cha milimita 300, yaache yanyonywe usiku kucha, lijaze tena kesho yake, upime sekunde za kushuka kutoka robo tatu hadi robo. Gawanya kwa 150. Ukipata kati ya sekunde 15 na 100 kwa kila milimita, udongo unafaa. Ikizidi 100, kama ilivyo kwenye udongo wa mfinyanzi wa mabondeni, shimo litajaa na kububujika, na hakuna muhuri utakaolinyonyesha. Umbali kutoka chemchemi au kisima usipungue mita 30. Watu wengi wa Kampala bado huchota chemchemi, na hao hawapo mezani jalada lako linapojadiliwa. Kifuniko cha tangi kiwe karibu na geti, kwa sababu lori la kunyonya halipiti juu ya bustani na mpira wake una mwisho.

Umeme: tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji umetoka kwa kampuni iitwayo Umeme na kurudi UEDCL, kampuni ya serikali, kwa hiyo barua yoyote ya zamani kuhusu kuhamisha nguzo au nafasi ya transfoma ihakikiwe upya. Laini kubwa za kilovolti 132 ni za UETCL, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme, na ukanda wake una upana wa mita 30. Hakuna kamati itakayokupunguzia ukanda huo, wala usijaribu.

Kukata lami

Kibali cha ujenzi hakikupi ruhusa ya kuchimba barabara. Kuvusha bomba la maji au waya chini ya lami kunahitaji idhini ya mwenye barabara: ya jiji ni wahandisi wa KCCA, na barabara kuu za taifa, zilizokuwa chini ya mamlaka ya barabara, UNRA, zimerudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Ombi zuri lina mchoro wa mtaro utakaochimbwa wenye urefu, upana na kina, siku na saa za kazi, namna magari yatakavyopita, na namna lami itakavyorudishwa.

Hapa ndipo tunaipa huduma alama za chini. NWSC huangalia bomba lake, UEDCL waya wake, kampuni ya intaneti faiba yake, na wahandisi lami yao. Kila mmoja yuko sahihi kwenye karatasi yake, ila hakuna karatasi moja yenye wote. Matokeo yake lami mpya hukatwa na mwenye bomba, kisha bomba likapasuliwa na mwenye faiba. Mpaka jiji litakapodai mchoro mmoja wa huduma zote kwa kila ombi, chora wako mwenyewe: maji kwa buluu, maji taka kwa kahawia, umeme kwa nyekundu, mawasiliano kwa kijani, kila mstari ukiwa na kina chake. Upeleke ule ule kwenye ofisi zote. Kabla ya mashine kugusa chini, chimba kwa koleo mashimo mawili matatu ya kutafuta, maana ramani za mabomba ya zamani huonyesha upande wa barabara tu, siyo mahali halisi.

Kurudisha lami kunaharibika kwa sababu moja: udongo uliotoka ndio unaorudishwa, wote kwa mkupuo mmoja, kisha unakanyagwa juu. Miezi miwili baadaye pana bonde lenye maji, na bodaboda huanguka. Inavyotakiwa, mchanga hulazwa kuzunguka bomba, bomba la maji hupimwa kwa shinikizo likiwa bado wazi, mkanda wa tahadhari hutandazwa kama milimita 300 juu ya waya, kisha murramu safi hujazwa kwa tabaka za milimita 150, kila tabaka likishindiliwa kwa mashine na kupimwa. Kingo za lami zikatwe wima kwa msumeno, zipanuliwe milimita 150 kila upande wa mtaro, ndipo lami mpya ikae juu ya udongo ambao haukuchimbwa. Mhandisi wako aombe matokeo ya vipimo vya ushindiliaji na kuyaweka kwenye jalada. Bila matokeo hayo huna cha kuonyesha lami ikititia na lawama ikirudi kwako.

Kinamasi, ziwa na malipo

Ukanda wa ulinzi wa Ziwa Victoria ni mita 200, wa mito mikubwa iliyotajwa kwenye kanuni za mwaka 2000 ni mita 100, na wa mingine ni mita 30. Hati ya ardhi ndani ya kinamasi haikukingi, kwa sababu Katiba ya 1995, ibara ya 237, imeviweka vinamasi chini ya dhamana ya serikali kwa ajili ya wananchi wote. Wakazi wa kinamasi cha Lubigi waliobomolewa mwaka 2024 wanalijua hilo. Miradi iliyotajwa kwenye majedwali ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira inayopitiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla ya kibali, na tathmini hiyo iagizwe mapema kwa sababu ina mashauriano na majirani yasiyoharakishwa.

Ada hulipwa kwa namba ya malipo, PRN, benki au kwa simu. Fedha taslimu mkononi mwa mtu, hata awe na kitambulisho cha kamba shingoni, si malipo ya kibali. Risiti ya PRN ihifadhiwe pamoja na michoro.

Kwa walioko Fort Portal na Kasese, magharibi mwa nchi, yote yaliyotangulia yanawahusu, ila mhandisi aoneshe pia hesabu ya tetemeko kwa kiwango cha US 319 cha mwaka 2003. Toro, eneo la huko, ilitikiswa vibaya Machi 1966, na tena Februari 1994. Michoro iliyochorwa kwa udongo wa Kampala isihamishiwe huko kwa kubadilisha jina la ploti.

Baada ya muhuri

Nakala iliyopigwa muhuri ikae kwenye eneo la ujenzi, na kibao kiwe na namba ya kibali. Ukaguzi uombwe kabla ya kufunika: mtaro wa msingi ukiwa wazi, nondo za slabu zikiwa zimefungwa, mabomba yakiwa hayajazikwa. Kwa kila umwagaji wa zege chukua michemraba ya majaribio, ipimwe siku ya 7 na ya 28. Zege la C25 lisilofika nyutoni 25 kwa milimita ya mraba siku ya 28 lijadiliwe na mhandisi kabla slabu ya juu haijapandishwa.

Ukibadilisha jambo, hata kusogeza ngazi, peleka mchoro mpya wakati huo huo. Wengi hungoja hadi mwisho, na ndipo kibali cha kukalia jengo hukwama kwa sababu kilichojengwa sicho kilichoidhinishwa. Jalada la mwisho liwe na michoro ya jengo kama lilivyojengwa, matokeo ya zege, cheti cha mafundi umeme, na vile vimo vitano vikiwa vimepimwa upya baada ya geti na mtaro kukamilika.